Nairobi hadi New York: masaa 7, 13 au 15?

Swali: "Shikamoo mzee. Mama yangu ana miaka 67, na Januari anaenda New Jersey kumsaidia dada yangu aliyejifungua. Amekatiwa tiketi ya ndege ya moja kwa moja, Nairobi hadi New York. Inasema anaondoka Alhamisi 23:40 na kufika Ijumaa 06:40. Shemeji yangu anamwambia ni masaa saba tu, kama kwenda Kakamega na matatu. Mimi nimeona mtandaoni umbali ni kilomita 11,840, na ndege inakimbia 900 kwa saa, kwa hiyo napata masaa 13. Wakala aliyetukatia tiketi anasema 15. Na ya kurudi ndiyo kabisa: inatoka New York 12:30 na kufika Nairobi kesho yake 10:30, yaani masaa 22! Nani mkweli? Tena nikiweka rula kwenye ramani ya ukutani, njia inapita Nigeria na Mauritania, lakini programu ya simu inayofuatilia ndege inaionyesha ikipita Algeria na Moroko. Mbona wanazunguka?" Msomaji, Ongata Rongai.

Marahaba, kijana wangu. Usigombane na shemeji. Nyinyi watatu mmepima vitu vitatu, na kila mmoja hesabu yake imetoka sawa. Ila ukitaka kujua mama atakaa kitini muda gani, msikilize wakala: masaa 15, yapungue kidogo au yazidi kidogo. Mwambie mama leo. Kuhusu Kakamega, mji wenyewe uko karibu chini ya njia ya ndege hiyo. Mama ataupita ndani ya nusu saa hivi baada ya kuruka, kabla hajaletewa chakula.

Mimi si rubani. Kwa miaka ishirini na kitu nimekaa Embakasi, kwenye uwanja wa ndege wa Nairobi, nikipanga safari za ndege. Mimi ndiye ninayebaki chini na kupiga hesabu kabla abiria hawajapanda: ndege ipite wapi, iruke juu kiasi gani, ibebe mafuta mangapi, na uwanja ilikokusudia kutua ukifungwa, itue wapi. Nikwambie tu kwamba katika miaka yote hiyo sikumbuki rubani aliyekuja mezani kwangu akauliza, "Leo ni kilomita ngapi?"

Tuanze na shemeji, maana kosa lake ndilo la watu wengi. Na nikiandika "masaa" hapa nina maana ya muda, "saa" ni ile ya kwenye mkono. Walimu wa Kiswahili watanisamehe, lakini ukiandika "saa saba" katika mambo ya ndege, nusu ya wasomaji wataelewa muda na nusu wataelewa adhuhuri.

Tiketi huandika saa za mji husika. 23:40 ni ya Nairobi, 06:40 ni ya New York. Januari, Nairobi iko masaa manane mbele ya New York, kwa hiyo 06:40 yao ni 14:40 yetu. Sasa toa: kutoka 23:40 hadi 14:40 ya kesho yake ni masaa 15. Ya kurudi ni vivyo hivyo. Yale 22 ya kwenye karatasi, ukiondoa 8, yanabaki 14. Dawa ni moja tu: geuza saa zote ziwe za Nairobi kwanza, ndipo utoe. Angalia pia mwezi. Wamarekani husogeza saa zao mbele kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, na katika miezi hiyo tofauti yetu nao ni masaa 7. Mama akirudi Aprili, usitumie 8.

Kuna mtego mwingine, na huu ni wetu wenyewe tunaosema Kiswahili. Mjomba wangu aliwahi kupewa tiketi iliyoandikwa 06:15. Akasoma "saa sita na robo", akaona muda upo, akafika uwanjani saa nne asubuhi akiwa amepiga suti, anatusimulia jinsi asivyopenda kuchelewa. Ndege ilikuwa imeondoka masaa matatu na dakika arobaini na tano nyuma, maana 06:15 ni saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mwandikie mama kwa mkono, juu ya tiketi, "saa tano na dakika arobaini usiku". Na ndege ikisogezwa mbele kidogo ikawa 00:10 ya Ijumaa, usimwambie "Ijumaa usiku", atakwenda siku moja baadaye. Mwambie "usiku wa kuamkia Ijumaa". Kiswahili kilishalimaliza jambo hili zamani.

Sasa wewe na kilomita zako. Ile 11,840 ni sahihi. Ukikuta mahali pengine pameandikwa 7,350 na kwingine 6,390, usidhani wanabishana: ya kwanza ni maili za barabarani, ya pili ni maili za baharini, ambazo ndizo marubani hutumia, na moja ni kilomita 1.852. Hata kasi hujakosea, ndege ya Dreamliner ikishatulia juu huenda kama 900 kwa saa. Tatizo ni kwamba umegawanya umbali wa ardhini kwa kasi ya hewani. Nitalirudia hilo, lakini kwanza tumalize ramani, kwa kuwa ni fupi.

Tafuta mpira wa mtoto, wowote, na uzi. Weka alama mbili, moja karibu na kiuno cha mpira, nyingine juu na mbali kushoto. Uvute uzi ukaze kati ya alama hizo. Utaona uzi unakwenda juu kwanza, halafu unajipinda kushuka. Hakuna aliyeupinda, ndiyo njia fupi juu ya kitu cha duara. Ramani ya ukutani ni ganda la mpira lililochanwa na kunyooshwa kwa nguvu, kwa hiyo mstari wa rula juu yake ni mrefu kuliko unavyoonekana. Ule wako wa Nigeria na Mauritania ungekuwa kama kilomita 12,190. Umeongeza 350, ambazo ni kama kuendesha gari kutoka Nairobi hadi Kisumu. Ile inayoonekana kuzunguka ndiyo iliyonyooka: inatoka Embakasi kuelekea kaskazini-magharibi, inapita upande wa Nakuru na Mlima Elgon, kaskazini mwa Uganda, Sudan Kusini, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Chad, Niger, inakata jangwa la Algeria, inatokea pwani ya Moroko, inapita karibu na visiwa vya Azores vya Ureno, kisha New York. Ndege halisi haifuati mstari huo kama reli, lakini haiendi mbali nao.

Haya, upepo. Hapa ndipo kazi yangu ilipo, na hapa ndipo masaa yenu yalipopotelea.

Babu zetu wa pwani waliokuwa wakienda Maskati kwa jahazi hawakupima safari kwa maili. Walingoja upepo wa kusi uwapeleke na wa kaskazi uwarudishe, na aliyekosa msimu alikaa ugenini hadi msimu mwingine. Ndege ina injini, haingoji msimu, lakini nayo husafiri ndani ya hewa kama jahazi lilivyo ndani ya maji. Kasi ya 900 ni kasi yake kuipasua hewa. Hewa yenyewe ikiwa inakwenda upande wa pili kwa kasi ya 100, ardhini ndege inasogea 800 tu, ingawa injini zinavuma vilevile na mafuta yanateketea vilevile.

Juu ya Atlantiki ya kaskazini, kwenye kimo cha kilomita tisa hadi kumi na mbili ambako ndege hizi huruka, kuna mkondo wa upepo unaotoka magharibi kwenda mashariki, na unaweza kuzidi kilomita 200 kwa saa. Hupata nguvu Desemba, Januari na Februari, wakati kaskazini kuna baridi kali na kusini bado kuna joto, kwa sababu tofauti hiyo ya joto ndiyo inayoulisha. Mama yako anakwenda Januari, tena anakwenda magharibi. Anaingia mdomoni mwa upepo.

Tupige hesabu pamoja, kwa namba za mviringo. Kutoka Nairobi hadi pwani ya Moroko ni kama kilomita 6,100. Sehemu hiyo upepo wake si wa kutisha, tuchukue 900 kwa saa, tunapata masaa 6 na dakika 47. Kuanzia pale hadi New York ni bahari, kama kilomita 5,700. Weka upepo wa mbele wa 100, ndege inakwenda 800: masaa 7 na dakika 7. Jumla ni karibu 14. Ongeza muda wa kupanda na kushuka ambapo ndege haiko kwenye kasi yake, kona za hapa na pale, kujiburuta chini kutoka kwenye lango hadi njia ya kurukia, na kujiburuta tena New York ambako uwanja ni mkubwa na foleni ya ndege ni ya kweli. Saa moja hiyo. Kumi na tano za wakala hizo hapo.

Kurudi, upepo uleule unasukuma mgongoni. Kilomita 5,700 kwa kasi ya 1,000 ni masaa 5 na dakika 42. Jumla ya hewani ni 12 na nusu, na ukiongeza yale mengine unakaribia 14 za tiketi. Tena tazama jambo moja ambalo vijana wapya kwenye meza yetu huwa hawaliamini hadi waliandike wenyewe. Bila upepo wowote bahari ile ingechukua masaa 6 na dakika 20. Upepo wa mbele umeongeza dakika 47, wa nyuma umepunguza 38. Upepo uleule, kwa kasi ileile, unakunyang'anya zaidi ya unavyokupa, kwa sababu ukiwa mbele yako unakaa nao muda mrefu zaidi.

Kama unadhani natia chumvi, Februari 2020 dhoruba iliyoitwa Ciara iliukaza mkondo huo, na Boeing 747 ya British Airways ikatoka New York hadi London kwa masaa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida hukaribia 6 na kitu. Kilomita zilikuwa zilezile.

Kabla hujaniuliza, maana kila nikieleza haya kuna mtu huuliza: hapana, dunia kuzunguka kwenda mashariki haimsogezei mama New York. Hapa ikweta ardhi inazunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa, na hewa inazunguka nayo, na ndege iliyoegeshwa Embakasi inazunguka nayo pia. Nzi akiruka ndani ya matatu iliyo mbioni Thika Road hagongi kioo cha nyuma.

Ukiona karatasi ya mpango wa safari kama hii ndipo utaelewa kwa nini nimeng'ang'ania upepo. Ni karatasi ndefu, mstari mmoja kwa kila alama ya angani, na alama nyingi zina majina ya herufi tano ambayo hayana maana yoyote, yametungwa ili yatamkike tu redioni. Mbele ya kila jina kuna safu: upepo unatoka wapi na kwa kasi gani, dakika ngapi kutoka alama iliyopita, mafuta gani yabaki kwenye tangi ukifika hapo. Rubani akija huanzia safu ya upepo, anashuka nayo kwa ncha ya kalamu hadi chini, kimya. Halafu anatazama jumla ya mafuta. Halafu ndipo anasema habari za jioni.

Na mafuta hayo ndiyo yanayonileta Nairobi kwenyewe. Jiji letu liko juu. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani. Bawa linashika hewa, injini inavuta hewa, vyote viwili hapa vinapata pungufu, kwa hiyo ndege inahitaji kukimbia zaidi ardhini kabla haijainuka. Njia yetu ya kurukia ina zaidi ya kilomita nne, na si kwa ajili ya madoido. Jua likipanda hewa inakuwa nyepesi zaidi. Saa nane mchana, joto likiwa nyuzi 27, uzito ambao ndege inaweza kuinuka nao si sawa na wa saa sita usiku kukiwa na nyuzi 14.

Sasa weka uzito mezani. Shirika la Kenya Airways lilipoanza safari hii tarehe 28 Oktoba 2018 lilitangaza Dreamliner ya viti 234, marubani 4, wahudumu 12, na mafuta tani 85 kila upande. Tani 85 ni kama magunia 940 ya mahindi ya kilo 90. Abiria wote 234, ukimhesabia kila mmoja kilo mia pamoja na begi lake, hawafiki tani 24. Yaani ndege hiyo, kwa sehemu kubwa, ni tangi la mafuta lililopakia watu kidogo. Na sehemu ya mafuta yale kazi yake ni kubeba mafuta mengine. Upepo wa mbele ukiongezeka, mafuta yanaongezeka, na kama uzito wa kuruka umeshafika ukomo, kitu fulani kinabaki chini. Mara nyingi ni shehena.

Ndiyo maana mama anaondoka karibu na saa sita ya usiku. Si bahati, na si kwamba wanapenda kuwakosesha wazee usingizi. Ndiyo saa ambayo hewa ya Nairobi imepoa na kuwa nzito, na ndiyo inayomfikisha New York asubuhi akapata ndege za kuunganisha kama alikuwa anaendelea mbele. Wenzetu wa Addis Ababa wako juu zaidi, zaidi ya mita 2,300. Ndege za Ethiopian za kwenda Washington zimekuwa zikitua njiani, kwa mfano Dublin, kuongeza mafuta, wakati za kurudi kutoka Washington zinakuja moja kwa moja, kwa sababu kule zinaruka zikiwa karibu na usawa wa bahari na upepo uko nyuma yao.

Ndani ya hesabu ya mafuta kuna pia ya kwenda uwanja mwingine kama New York imefungwa kwa theluji, tuseme Boston, na baada ya hapo nusu saa nyingine ya kuzunguka hewani. Mama akisikia rubani anasema wanasubiri zamu ya kutua, asianze kushika rozari. Mafuta ya kusubiri tumeshayapakia Embakasi. Na kwa kuwa ndege ina injini mbili, njia juu ya bahari hupangwa ili wakati wote kuwe na uwanja inaoweza kuufikia kwa injini moja ndani ya muda uliowekwa. Visiwa vya Azores vina kazi hiyo, uwanja wa Lajes hasa.

Kitu kingine kinachobadilisha masaa hakina uhusiano na hali ya hewa. Anga ina wenyewe. Baada ya mapinduzi ya Niger, anga ya nchi hiyo ilifungwa tarehe 6 Agosti 2023 na haikufunguliwa hadi Septemba 4. Rudi kwenye uzi wa mpira wako uone Niger ilipo. Sudan nayo ilifungwa vita vilipoanza Aprili 2023, na hiyo iligonga zaidi safari za Nairobi kwenda London na kwingineko Ulaya, kwa kuwa Sudan na Libya ziko moja kwa moja kwenye njia hiyo. Siku kama hizo unapanga usiku kucha, unasogeza mstari huku, mafuta yanapanda, unausogeza kule, anga nyingine inakataa. Asubuhi abiria analalamika kwamba ndege imechelewa dakika arobaini, nami natamani kumwonyesha ile karatasi.

Msipopata nafasi kwenye ndege ya moja kwa moja, maana haiendi kila siku ya mwaka, usichague mji wa kupitia kwa kuangalia bei peke yake. Nairobi hadi London ni kama kilomita 6,840, na London hadi New York 5,540. Jumla 12,380, yaani umeongeza kilomita 540 tu. London iko karibu njiani kweli. Kupitia Dubai ni 3,560 kwenda mashariki kwanza, kisha kama 11,000 kurudi magharibi: zaidi ya 14,500. Ukiongeza muda wa kusubiri, safari ya namna hiyo hufika masaa 20 na zaidi bila shida. Lakini kwa mama wa miaka 67 asiyezoea viwanja vikubwa, mimi ningelipa zaidi apande ndege moja na kushuka mara moja. Kupotea kwenye lango la kuunganishia si hesabu ninayoweza kukupigia.

Kuhusu mama mwenyewe. Atapanda usiku na atashuka kabla jua halijachomoza New York, ambako Januari huchomoza karibu saa moja na dakika ishirini asubuhi. Kwa sababu anakwenda magharibi, analikimbia jua. Hesabu kutoka machweo ya Nairobi Alhamisi hadi mapambazuko ya Ijumaa kule: ni usiku wa zaidi ya masaa 20. Mwambie mapema, asije akatazama dirishani masaa kumi baada ya kuondoka, aone giza lilelile, akadhani kuna jambo. Ampigie hodi jirani atoke kitini atembee kidogo kila baada ya masaa mawili hivi, anywe maji, asione haya kumsumbua mtu. Kiti cha kando ya ujia ni bora kwake kuliko cha dirishani, na hicho cha dirishani hakina cha kuonyesha usiku huo. Kama anakunywa dawa za presha au za sukari, zikae kwenye mkoba wa mkononi, na daktari wake amwandikie atazinywa saa ngapi siku ya safari, kwa sababu siku yake ya Ijumaa itakuwa na masaa 32 na hilo si la kukisia.

Kutoka Rongai, usihesabu kilomita huku pia. Ndege ya saa tano na dakika arobaini, mama awe ndani ya uwanja saa mbili usiku. Kwenye kizuizi cha kuingilia, abiria anaweza kutakiwa kushuka garini na kupita kwa miguu kwenye mashine ya ukaguzi, dereva apite na gari upande wake. Kuna mwingine mlangoni, na ndege za Marekani huwa na ukaguzi wa ziada kabla ya kupanda. Viatu vya kuvua upesi vitamsaidia. Koti zito asilifungie kwenye sanduku.

Halafu utabaki wewe na simu. Ndege ikitua 06:40 kule, hapa itakuwa saa nane na dakika arobaini mchana, na ndipo shemeji atakapoanza kuuliza mbona hajapiga. Ana foleni ya pasipoti mbele yake, ana masanduku ya kusubiri, na dada yako anatoka New Jersey na mtoto mchanga, avuke mito na madaraja kwenye msongamano wa asubuhi hadi Queens uwanja uliko. Msianze kuhangaika kabla ya saa kumi na moja jioni.